Jiwe la kaburi limeandikwa 1246, mwaka wa Hijria. Nikijumlisha 622 napata 1868, wengine wanasema 1830. Kosa liko wapi?

Binti_Chumbageni

Assalamu alaykum, na shikamooni wakubwa.

Tunaandaa maelezo ya ukutani kwa maonyesho madogo ya wanafunzi hapa Tanga, kuhusu Uislamu ulivyoanza na ulivyofika mwambao wetu. Tuna picha za vitu vitatu na tarehe zote zinatusumbua.

Kwanza, jiwe la kichwani mwa kaburi lenye tarakimu ١٢٤٦. Hilo ndilo nililotaja kwenye kichwa cha habari.

Pili, jiwe lisilo na tarakimu, mwaka umeandikwa kwa maneno: Jumanne, 12 Rabiul-awwal, kisha neno la makumi ambalo nukta zake zimelika, halafu "wa mi'atayn wa alf", yaani mia mbili na elfu.

Tatu, hati ya kuuziana shamba la minazi upande wa Pangani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, "tarehe 5 Mfungo Saba 1307". Tumeihesabu kuwa mwezi wa saba, Rajabu.

Juu ya hayo kuna maswali mawili ya wanafunzi. Wahyi ulianza kushuka 610, mbona hesabu ya miaka inaanzia 622? Na tuandike Uislamu uliingia Tanga mwaka gani?

---

Maalim_Kaole

Waalaykumu salaam. Marahaba dada. Nianze na jiwe la kwanza, maana kosa lake ndilo linaloharibu vibao vingi vya maelezo.

Mwaka wa Hijria ni miezi kumi na miwili ya mwandamo, siku 354, na mara nyingine 355. Mwaka wa jua ni siku 365 na robo hivi. Kila mwaka wa Hijria unapungukiwa na siku kama 11, na upungufu huo unajikusanya. Kwa miaka 1246 unafika siku 13,500 na ushei, ambazo ni miaka 37. Ukijumlisha 622 peke yake umechukulia kwamba miaka hiyo yote ilikuwa na urefu sawa na ya jua, ndiyo maana ukaruka hadi 1868. Mtu huyo angekuwa hai wakati Seyyid Majid anatawala Unguja, kumbe alizikwa zamani za Seyyid Said.

Hesabu ya kichwani: kwa kila miaka 100 ya Hijria toa 3, kisha ongeza 622. Kwa 1246 unatoa 37, inabaki 1209, ukiongeza 622 ni 1831. Hiyo inakufikisha mlangoni tu. Ukitaka kuingia ndani, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.970224 halafu ongeza 621.5774:

1246 × 0.970224 = 1208.8991
1208.8991 + 621.5774 = 1830.4765

Namba nzima ni mwaka ambao 1 Muharram iliangukia. Sehemu ya desimali izidishe kwa 365 upate siku: 0.4765 × 365 ni 174, yaani tarehe 22 au 23 Juni. Majedwali ya kubadili tarehe yanasema 1 Muharram 1246 ilikuwa 22 Juni 1830, na mwaka huo ukaisha 11 Juni 1831.

Kwa hiyo, kama jiwe halina mwezi, usiandike 1830 peke yake. Andika 1830/1831. Mwaka mmoja wa Hijria karibu kila mara unakanyaga miaka miwili ya Miladi (kalenda ya kawaida ya jua), na anayechagua mmoja bila kuujua mwezi anabahatisha.

Hesabu ya kutoa 3 kwa kila 100 inafaa kwa miaka ya 1200 hadi 1400. Ukirudi nyuma sana inaanza kuteleza. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500. Kwa kichwa unapata 1107 kamili, ilhali mwaka huo ulianza Septemba 1106. Kwa tarehe za kale tumia ile ndefu. Na tarehe yoyote iliyo kabla ya Oktoba 1582 inahesabiwa kwa kalenda ya Kirumi ya kale, si hii tunayotumia sasa.

Hakikisha pia tarakimu zenyewe. Maneno ya Kiarabu yanakwenda kulia kushoto, lakini tarakimu zinasomwa kushoto kulia. ٢ na ٣ zinatofautiana kijino kimoja tu. Sifuri ni nukta (٠) na tano ni duara (٥): juu ya jiwe la matumbawe nukta inaliwa na chumvi, na aliyezoea tarakimu za kizungu akiona duara anasoma sifuri. Hapo 1250 inageuka 120 na kitu kisichoeleweka, au 1255 inasomwa 1200.

---

Pwani_na_Kalamu

Maalim amemaliza la kwanza. Mimi nakwenda kwenye hati ya Pangani, kwa sababu hapo mmeteleza miezi mitatu.

Mfungo Saba si mwezi wa saba wa Hijria. Waswahili tunahesabu kuanzia pale tunapofungua saumu. Shawwal, mwezi wa Idi, ndiyo Mfungo Mosi. Dhulqaada ni Mfungo Pili, Dhulhija ni Mfungo Tatu, Muharram ni Mfungo Nne, Safar ni Mfungo Tano, Rabiul-awwal ni Mfungo Sita. Ndiyo maana maulidi tunasema yanasomwa Mfungo Sita. Rabiu-thani ni Mfungo Saba, halafu Jumada mbili ni Mfungo Nane na Mfungo Tisa. Kisha hesabu inakoma: Rajabu, Shaabani na Ramadhani zinabaki na majina yao.

Kuna mtego mwingine ndani ya mtego huu. Kwa hesabu ya mifungo mwaka unaonekana kuanza Mfungo Mosi, lakini namba ya mwaka haibadiliki hapo. Inabadilika Muharram, yaani Mfungo Nne. Kwa hiyo Mfungo Tatu 1307 inakuja baada ya Mfungo Saba 1307, si kabla yake. Ukipanga hati za ukoo kwa kufuata namba za mifungo unazichanganya zote.

Sasa hesabu. 1 Muharram 1307 ilikuwa 28 Agosti 1889. Tarehe 5 Mfungo Saba ni siku ya 94 ya mwaka (30 + 29 + 30 + 5), nayo inaangukia 29 Novemba 1889. Ninyi mlipoiweka Rajabu mlipata 25 Februari 1890. Si tofauti ndogo. Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa na Wajerumani hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa tarehe sahihi, shamba liliuzwa siku 16 kabla ya kunyongwa kwake, vita vikiwa vinaelekea ukingoni. Kwa tarehe yenu liliuzwa miezi miwili na zaidi baada yake. Mwanafunzi anayesoma bei, majina ya mashahidi na sababu ya kuuza ataielewa hati ile kwa namna mbili tofauti kabisa.

Angalia pia kama hati inasema "usiku wa" siku fulani. Siku yetu inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi mchana, na tarehe ya mwandamo tayari imeshageuka.

---

Nukta_Tatu

Jiwe la pili. Bila kuliona naweza kusema neno lililokushinda ni *sab'in* au *tis'in*, sabini au tisini. Kwa Kiarabu, nukta zikishafutika, mifupa ya maneno hayo mawili ni ile ile: meno manne mfululizo, kisha ain. Katika sabini meno matatu ya *sin* yanatangulia na jino la *ba* linafuata. Katika tisini jino la *ta* linatangulia na *sin* inafuata. Kwenye chokaa iliyolika huwezi kuapa. Kosa hilo liko pia kwenye tarakimu za mamoja, *sab'* na *tis'*, saba na tisa.

Kwa hiyo mwaka ni 1270 au 1290. Bahati nzuri aliyeandika ametaja siku ya wiki, na siku ya wiki ndiyo shahidi wako.

12 Rabiul-awwal ni siku ya 71 ya mwaka, yaani siku 70 baada ya 1 Muharram. Sabini inagawanyika kwa saba bila salio, hivyo siku ya wiki ni ile ile iliyofungua mwaka.

1 Muharram 1270 ilikuwa Jumanne, 4 Oktoba 1853. Basi 12 Rabiul-awwal ilikuwa Jumanne, 13 Desemba 1853.
1 Muharram 1290 ilikuwa Jumamosi, 1 Machi 1873. Basi 12 Rabiul-awwal ilikuwa Jumamosi, 10 Mei 1873.

Jiwe linasema Jumanne. Ni 1270.

Lakini majedwali yanahesabu miezi kwa utaratibu wa 30, 29, 30, 29, na kuongeza siku moja katika miaka 11 ya kila miaka 30. Watu wa mwambao walifuata mwezi ulioandama machoni mwao, na mawingu ya masika hayajui jedwali. Ruhusu kosa la siku moja kwenda mbele au nyuma. Hapa halidhuru: kutoka Jumanne hadi Jumamosi ni mbali. Kama zingekuwa Jumanne na Jumatano, nisingethubutu kuchagua.

Kuhusu picha, maana nadhani nukta bado zipo ila hazionekani. Huku kwetu kibla ni kaskazini karibu kamili (kutoka Tanga ni nyuzi moja na nusu tu kuelekea mashariki), ndiyo maana mabaharia wa Kiswahili upande wa kaskazini wakauita Kibla. Maiti analazwa kwa ubavu wa kulia uso ukielekea Kibla, basi kaburi linalala mashariki na magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Jiwe la kichwani uso wake mmoja unatazama mashariki. Mkipiga picha asubuhi, jua linalipiga jiwe usoni moja kwa moja, vivuli vyote vinakufa na herufi zinazama. Rudini kati ya saa tano na saa sita, jua likiwa juu, mwanga ukishuka kando ya uso wa jiwe. Au nendeni jioni na tochi, muishike ubavuni, karibu kugusa jiwe. Nukta yenye kina cha unene wa ukucha itatupa kivuli.

Msipake unga, chaki wala mkaa ili herufi zionekane. Chokaa ya zamani ina vinyweleo. Unga unaingia na hautoki, unavuta unyevu na kuvu. Na msisugue kwa brashi ya waya. Mkifika kwenye magofu ya Tongoni au Kaole, muoneni kwanza msimamizi wa eneo.

---

Maalim_Kaole

Nukta_Tatu, hilo la mwanga wa saa sita niliacha, ahsante.

Sasa swali la 622. Waarabu kabla ya Uislamu hawakuwa na namba ya mwaka. Walitaja tukio: mwaka wa Tembo, mwaka wa kujenga upya Al-Kaaba. Miezi walikuwa nayo, tena yenye majina haya haya, ila kulikuwa na desturi ya *nasii*, kuahirisha au kuchomeka miezi, jambo lililochezea miezi mitukufu. Qurani ikalikataza katika Suratut-Tawba, aya ya 36 na 37: miezi ni kumi na miwili. Tangu hapo mwezi wa Hijria haukai kwenye msimu mmoja. Ramadhani inazunguka masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na inarudi ilipoanzia baada ya miaka kama 33 ya Hijria, ambayo ni 32 ya jua.

Namba ilikuja baadaye, zama za Khalifa Umar bin al-Khattab (634–644). Inasimuliwa kwamba Abu Musa al-Ash'ari, gavana wake kule Basra, alilalamika kuwa barua zinafika bila tarehe ya kueleweka. Hati inasema Shaabani, lakini Shaabani ipi, iliyopita au ijayo? Dola ilikuwa imeshafika Iraki, Shamu na Misri, kuna kodi na mishahara ya askari. Mnamo mwaka 17, sawa na 638, wakashauriana. Kulikuwa na rai ya kuanzia kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.), rai ya kuanzia utume, na rai ya kuanzia kufariki kwake. Wakakubaliana Hijra, kwa sababu kuhamia Madina ndiko kulikofanya waumini wawe jamii yenye mji wake, maagano yake na sheria yake.

Na hapa waambie wanafunzi jambo ambalo vibao vingi vinakosea: 1 Muharram mwaka wa 1 si siku ya Hijra. Mtume alifika Madina Rabiul-awwal, Septemba 622. Kalenda ikarudishwa nyuma hadi mwanzo wa mwaka ule ule, 16 Julai 622.

Kama mnataka ushahidi wa kushikika, ipo hati ya mafunjo kutoka Misri, ya Kigiriki na Kiarabu pamoja, ya mwaka 22, yaani 643. Ni risiti ya kondoo 65 waliochukuliwa kwa ajili ya jeshi. Khalifa Umar alikuwa bado hai. Haikuandikwa "Hijria" popote, namba tu, ishirini na mbili. Kwangu mimi hati ile ina nguvu kuliko masimulizi mengi, kwa sababu karani hakuwa anamwandikia msomaji wa historia. Alikuwa anahesabu kondoo.

---

Mvuvi_wa_Mtangata

Kuhusu "Uislamu uliingia Tanga mwaka gani": nawasihi msiandike mwaka. Hakuna siku moja iliyoingia dini mwambao huu. Andikeni alama za njiani zenye tarehe, kila moja na mahali pake.

Shanga, kisiwa cha Pate: chini ya misikiti ya mawe wachimbaji walikuta mabaki ya misikiti midogo ya miti na udongo, ya zamani kabisa ikiwa ya karne ya 8. Hiyo ni miaka kama 150 tu baada ya Hijra. Kizimkazi, 500 Hijria, ilishatajwa. Kisha Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 (731 Hijria). Ameandika kwamba watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa imara, na kwenye kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili, na kata ya mti yenye mpini wa urefu wa dhiraa moja, watu wanaosha miguu ndipo waingie. Msikiti wa mbao mwaka 1331! Mkumbuke hilo kila mtu anaposema pasipo na magofu ya mawe hapakuwa na Waislamu.

Tongoni yenyewe, kusini mwa mji, ina msikiti na makaburi zaidi ya 40, ya karne ya 14 na 15. Vasco da Gama alipopita, meli yake São Rafael ilipanda kwenye mwamba maji ya Mtangata, hapo hapo Tongoni, mwaka 1498, na waliporudi Januari 1499 wakaichoma huko huko. Kwa Hijria ni 903 na 904. Mji wa Kiislamu ulikuwepo tayari.

Makaburi mengi ya nguzo pale na Kaole hayana tarehe. Watu wanakimbilia bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo. Bakuli inakwambia jambo moja tu: nguzo haikupambwa kabla bakuli haijatengenezwa. Inaweza kuwa ilikaa kabatini kwa miaka 60 ndipo ikapachikwa. Na nyingi zimeshang'olewa, limebaki tundu la duara. Tundu halina karne.

Bara ni habari nyingine kabisa. Mwambao ulikuwa na Uislamu miaka elfu moja kabla dini haijaenea sana ndani, na ilipoenea karne ya 19 ilifuata njia za misafara kutoka Bagamoyo, Pangani na Tanga, kisha tariqa (njia za Kisufi). Bagamoyo palikuwa na Sheikh Ramiya wa tariqa ya Qadiriyya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa, akawa mwalimu mkubwa, akafariki 1931. Msiviweke vipindi hivyo viwili kwenye kibao kimoja.

---

Binti_Chumbageni

Allah awalipe kheri nyote. Naandika hivi, mnirekebishe:

Jiwe la 1: 1246 Hijria (1830/1831). Jiwe la 2: Jumanne, 12 Rabiul-awwal 1270 (13 Desemba 1853). Hati: 5 Mfungo Saba 1307 (29 Novemba 1889).

Na je, kwa jiwe lenye umri, mfano "alifariki na miaka 66", nao ubadilishwe?

---

Nukta_Tatu

Umri pia ni wa mwandamo, ila kwenye kibao acha ulivyoandikwa, na kama kuna nafasi weka kwenye mabano "kama miaka 64 ya jua". Ndivyo ilivyo hata kwa Mtume: 63 ya masimulizi ni ya mwandamo, kwa jua ni kama 61. Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, na mwaka wa zaka vinahesabiwa kwa mwandamo hivyo hivyo.

Kwenye jiwe la 2, mwaka 1270 ni tafsiri yetu. Weka picha ya neno lenyewe pembeni, na uandike kwamba nukta zimefutika, kwamba laweza kusomwa 1270 au 1290, na kwamba Jumanne ndiyo iliyoamua.

---

Pwani_na_Kalamu

Kwenye hati ongeza "(Rabiu-thani)" baada ya Mfungo Saba, la sivyo mtembeleaji wa kwanza atakwambia umekosea, ilikuwa Rajabu. Na kwa jiwe la 2 na hati, tangulizeni "yapata" kabla ya tarehe ya Miladi, kwa sababu ya ile siku moja ya mwandamo.